Mwanamke Tuliyemsomea Khitma

Mwanangu alipewa miezi mitatu ya majaribio, na miwili ilikuwa imekwisha bila ya kumwogesha mgonjwa wake hata mara moja akafika mwisho.

Mwanangu huyo, wa kike, ni nesi. Hapa Doha anafanya kazi na wakala anayepeleka wauguzi majumbani, na mgonjwa aliyepangiwa ni bibi wa Kimisri, umri wake themanini na ushei, anakaa na mwanawe wa kiume kule mtaa wa Pearl, ghorofa ya kumi na nne, madirisha yote yanatazama boti za starehe. Miguu ya bibi huyo imelegea lakini akili anayo. Dawa anameza. Sindano anadungwa bila ya kelele. Akiletewa beseni na taulo ndipo anapogeuka mtu mwingine: anakaza mwili, anafumba macho, anausukuma mkono wa nesi, na ukimlazimisha analia kwa sauti mpaka mwanawe anatoka chumbani kwake na simu sikioni. Wauguzi wawili waliondolewa kabla ya mwanangu. Na yeye akiondolewa, wakala hamwandikii mkataba, na bila ya mkataba hapana ukaazi, si wake, si wa watoto wake wawili waliokwishaanza skuli, si wangu mie niliyeletwa kuwalea. Tungefunga mizigo sote wanne.

Alinieleza haya jikoni kwetu Abu Hamour, anamenya viazi, ganda linatoka nene kwa vile akili haipo pale. Nikamwambia anambembeleza mno. Aambiwe tu inuka, geuka, leta mkono, basi. Akaniambia, "Haya, Mama, njoo wewe umwambie." Alisema kwa kuchoka, mie nikalichukua kama lilivyo.

Sitadanganya kwamba nilikwenda kwa ajili ya kazi yake tu. Katika maneno yake alipitisha moja, kwamba bibi yule zamani alikuwa mcheza sinema. Mie nimefanya kazi majumbani Maskati miaka kumi na moja, ndiko nilikookota Kiarabu changu, na nimeona mabibi wa kila namna, lakini mcheza sinema sikupata kumwona hata mgongo. Nilitaka kujua wakoje. Nilitaka kujua kama wanakohoa kama sisi.

Alhamisi, watoto walipokwishapanda basi la skuli, nikavaa buibui langu jipya nikafuatana naye. Mwana wa bibi alikuwa ameombwa ruhusa, kwamba mama wa nesi atakuja kumsabahi mgonjwa, akakubali. Ni mhandisi, mtu wa hamsini na kitu, mpole wa sauti lakini hana mchezo. Aliniita khala, kama Waarabu wanavyomwita mama mdogo, akanifungulia mlango wa chumba.

Bibi alikuwa kaegeshwa kwenye mito, anakula mkate wa kuoka na jibini, makombo yamemwangukia kifuani. Nikamwamkia kwa Kiarabu, nikamwita Sitti kama tulivyokuwa tukiwaita mabibi kule Maskati. Yeye akaniita Hajja. Nikamwambia sijahiji. Akasema nina uso wa mtu aliyehiji, na tangu siku hiyo ndilo jina langu nyumba ile.

Picha ilikuwa moja tu, tena si sebuleni wageni wakaiona. Ilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake, mlango ukiwa wazi haionekani. Mwanangu alipoufunga ndipo nilipoiona. Mwanamke kijana, nywele zimemwagika upande mmoja, nyusi ya kushoto imepanda kidogo kuliko ya kulia, na shingo ameigeuza kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Nilimjua kwa shingo ile. Nikamtazama bibi wa kitandani, nyusi bado moja iko juu. Nikamwendea nikamshika mkono, nione kama una joto.

Inabidi nieleze kwa nini.

Nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja, Unguja mjini kulikuwa na siku ya zanana, sinema ya mchana ya wanawake peke yao, mwanamume haingii isipokuwa yule wa mashine. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa akinichukua. Ukumbi unajaa mabuibui, watoto wananyonya, bajia zinapita mkono kwa mkono, na filamu ikiwa ya Kiarabu hapana maandishi ya kutufasiria. Aliyekuwa akifasiri ni bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyewahi kukaa Arabuni, na alifasiri kwa sauti ya kushinda ile ya filamu. Siku hizi nikikumbuka alivyosema, na Kiarabu nimeshajua, naona nusu alitunga mwenyewe.

Filamu yenyewe ilikuwa ya msichana anayekonda kwa maradhi ya kifua wakati wenzake wanamfanyia maandalizi ya harusi. Mwisho anakufa. Na hawakuonyesha kilio tu ukaisha. Walionyesha anavyooshwa. Shuka, maji yanamiminwa, mikono ya wanawake, na uso wake peke yake, mweupe, kope hazitikisiki. Ukumbi mzima ulilia. Shangazi yangu, mtu asiyelia hata akifiwa, aliuma ncha ya buibui lake.

Nyumbani akatoa hukumu yake: yule msichana amekufa kweli. Mtu hawezi kulala vile na roho imo. Mfasiri wa kiti cha mbele akaongeza kwamba hata yeye kasikia, maradhi yalimzidia katikati ya kazi, wakampiga picha hivyo hivyo. Wengine walibisha. Lakini filamu za Kimisri ziliendelea kuja mwaka baada ya mwaka na yeye hakuonekana tena katika hata moja. Wabishi wakanyamaza. Shangazi akawaita wanawake wa mtaa, wakakaa Ijumaa baada ya alasiri wakamsomea khitma, Kurani nzima ya kumwombea marehemu, na haluwa ikaliwa na kahawa ikanywewa. Jina la mama yake hawakulijua, wakamtaja kuwa binti wa Hawa, mama wa watu wote. Mie nilipewa juzuu Amma, ile ya mwisho, nikaisoma yote kwa ajili yake.

Sasa yuko mbele yangu, mkono una joto, ana jibini mdomoni.

Ulimi wangu haujazoea kungoja. Nikamwambia, "Sitti, sisi wewe tulishakusomea khitma."

Nilikuwa sijui kama mwanawe kaufungua mlango, kasimama pale. Bibi akatulia na mkate wake. Mwana akamwita mwanangu nje, akasema naye kwa sauti ile ile ya upole, na mwanangu aliporudi uso ulikuwa umemshuka. Kaambiwa daktari alikataza mazungumzo ya kifo mbele ya mgonjwa. Ikifika mwisho wa wiki ijayo na mama yake hajaoga, yeye atampigia simu wakala.

Ndani ya gari mwanangu akasema alinichukua nimsaidie, nami nimekwenda kumtangazia mgonjwa wake msiba. Kosa lilikuwa langu, na mie kosa likiwa langu huwa napiga pasi. Nilipiga pasi sare za wajukuu mpaka za wiki inayofuata.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Ni yule mwana. Mama yake tangu Ijumaa amekataa dawa, anasema hamezi kitu mpaka aletwe yule Mwafrika aliyemzika.

Nikaenda. Safari hii mwana hakukaa mlangoni, alikaa kabisa ndani, kwenye kiti, amekunja mikono. Mamake akamtazama akamwambia atoke. Akatoka.

Akameza dawa zake mbele yangu, moja moja, kisha akataka aambiwe yote. Nani alikuwepo. Walikaa wangapi. Nani alilia zaidi. Haluwa ya namna gani. Nilipomwambia shangazi yangu alisema mtu hawezi kulala vile na roho imo, alinishika mkono akaniambia niyarudie maneno yale. Nikayarudia. Akauliza kama shangazi alikuwa mtu wa kusifu ovyo. Nikamwambia shangazi yangu hakuwahi kusifu hata biriani ya harusi ya mwanawe mwenyewe. Akacheka mpaka mwanangu akamwinua mgongo.

Nami nilikuwa na yangu ya kuuliza, na niliuliza bila ya haya, maana nafasi hiyo hairudi. Aliingiaje huko? Akasema mama yake alikuwa fundi cherehani, akishona nguo za wacheza sinema Kairo. Siku moja yeye akatumwa na mamake kupeleka gauni, akakuta wanatafuta msichana wa kupita na sinia ya vikombe nyuma ya wacheza wakubwa. Akapita na sinia. Katika filamu tatu kazi yake ilikuwa sinia. Ya nne akapewa neno moja, "naam". Ya tano akapewa kulia. Tangu hapo hawakumwachia tena acheke.

Nikamuuliza mtu analiaje kwa amri. Akaniambia nimtazame. Hakufanya kitu chochote, alinyamaza tu, na mara jicho la kushoto likajaa, la kushoto peke yake, tone likateremka mpaka kidevuni. La kulia kavu. Akasema la kushoto ndilo lililokuwa upande wa kamera. Nikamwambia huo ni ujanja mtupu. Akasema ndiyo, na ulimlisha yeye na mama yake miaka tisa.

Mbona aliacha? Aliolewa na mfanyabiashara wa huku Ghuba, akamwomba aache, akaacha. Hapakuwa na ugomvi. Mume alikuwa mzuri kwake, lakini filamu zile hazikutajwa nyumbani, na watoto wakakua hivyo. Picha aliificha yeye mwenyewe, kisha akazoea kuificha. Nikauliza kama alijuta. Akasema siku nyingine ndiyo, hasa akiona mtu kwenye televisheni analia vibaya.

Lililonikereketa zaidi ni lile la kufa. Zile kope zilitulizwaje? Akasema hilo jepesi, unafikiria kitu cha kawaida kabisa. Yeye alifikiria bilingani mama yake anazokaanga. Lililomtesa ni kuoshwa. Mwenye kuongoza filamu alitaka mambo yawe ya kweli, akaleta mwosha maiti hasa kutoka mtaa mmoja wa Kairo, mama mnene asiyejua kuigiza wala asiyetaka kujua. Mama yule akamwosha kama anavyoosha siku zote. Siku mbili juu ya ubao, maji baridi, kwa vile mwanga ulikuwa haujamridhisha mkubwa wao. Siku ya pili jioni, aliniambia, zile bilingani hazikuja tena kichwani.

Alisema hayo kama mtu anayesimulia taabu za kazi, akapita.

Ikafika saa ya kuogeshwa. Mwanangu akaleta beseni, nami nikajivuta kwenye kiti cha pembeni, nimejiapiza kufunga mdomo. Bibi kwa ajili yangu alijaribu. Alilala, akafumba macho. Mwanangu akamfunika shuka toka kifuani mpaka magotini. Akamfuta uso. Akamwaga maji mkono wa kulia, akafuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akateremka ubavu wa kulia, mguu wa kulia, kila mahali mara tatu, taratibu, kwa adabu, mkono wake wa kushoto chini ya shuka lisifunuke. Nikaona vidole vya bibi vinaanza kukunjika. Mezani pale mwanangu alikuwa ameshaweka tayari dawa yake ya kuchua viungo, ya mwisho baada ya maji, na kifuniko kilikuwa wazi. Inanuka karafuu maiti.

Kwetu Unguja, nilipotoka Maskati, nilikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu na miwili ya jirani. Wanawake wote waliofariki mitaa ile mitatu wamepita mikononi mwangu. Na aliyekuwa akinichotea maji, akinishikia shuka, akinipa majani ya mkunazi na mwisho ile karafuu maiti, ni mwanangu huyu, tangu ana miaka saba mpaka alipokwenda chuo cha uuguzi. Nilikuwa natazama mikono yangu mwenyewe.

"Acha," nikamwambia. Kwa Kiswahili.

"Mama, tafadhali. Leo kavumilia."

"Acha nakwambia. Huyu unamwosha, humwogeshi."

Akasema ndivyo walivyofundishwa chuoni. Nikamuuliza chuoni walimfundisha kuanza upande wa kulia? Walimfundisha tatu tatu? Akautazama mkono wake wenye kitambaa, pale pale ulipo juu ya goti la bibi. Akauondoa kama kaungua.

Mwanangu ni mtu wa vyeti. Mgonjwa kumkataa kulimuuma, lakini hili nililomwambia lilimvunja zaidi, naliona. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilifikiri ndiyo heshima." Nikamwambia ni heshima, tena kubwa, ila huyu bado yu hai.

Bibi akawa ametufumbulia macho. Akauliza tunasema nini kwa lugha yetu. Mwanangu akanikonyeza nisiseme. Alhamisi ulimi wangu ulishatutia hasara, na mwana yuko nje ya mlango. Lakini nikaona nikimdanganya huyu, ambaye kudanganya ndiyo kazi yake, atanijua mara moja. Nikamwambia yote: kazi yangu, ndoo, mtoto wa miaka saba.

Alinitazama, ile nyusi imepanda.

"Wale wawili wa kwanza walikuwa wananifuta kama meza, nikawakataa," akasema. "Huyu wako aliponigusa tu, nikamjua. Nikasema, yule mama mnene amenifuata mpaka huku."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angemwambia nani, na angesemaje. Mwanawe hajui hata kama aliwahi kulala juu ya ubao.

Nilimwambia mwanangu amkalishe. Kwetu bwana harusi na bibi harusi wanaogeshwa wamekaa, wanasemeshwa, wanasuguliwa singo ya maua na manukato, na maji yanaanzia miguuni. Akasema miguu haina nguvu, kanuni za wakala ni kitandani. Nikauliza ule mfuko mkubwa niliouona bafuni ni wa nini. Ulikuwa kiti cha kuogea, cha plastiki, kina mikono na mkanda, kimenunuliwa siku nyingi, kimesimama pale na nailoni yake. Tukaichana ile nailoni. Mwanangu akambeba bibi kwa namna wanavyojua manesi, mgongo wake hata haukuinama, na hapo chuo chake nilikiona nikakikubali.

Nilipokunja mikono ya gauni niingie kusaidia, bibi akaninyooshea kidole.

"Wewe kaa mbali na maji. Siku yako bado."

Nikakaa kwenye kizingiti cha bafu, miguu nje. Mwanangu akaanza mguu wa kushoto. Bibi akaniamrisha nisimulie tena habari ya mfasiri wa kiti cha mbele, na huku nikisimulia anamwongoza mwanangu: sasa nywele, sasa mkono huu, maji yaongezwe moto. Akamwambia asiwe na uso ule, anaonekana kama mtu aliyebeba mayai. "Uso wa mtu anayeosha nguo. Hebu tuone." Mwanangu akajaribu. Akaambiwa arudie. Mara ya tatu akacheka mwenyewe, na bibi akasema huo huo, abaki nao. Dawa ya viungo ikabadilishwa, tukampaka mafuta ya nazi niliyoyaona jikoni kwao.

Mwana alipokuja, mama yake alikuwa amekaa dirishani, nywele mbichi, anaulizia kahawa.

Wiki ile alioga mara nne. Mwisho wa wiki mwana alimpigia simu wakala, lakini kwa kheri, na siku ya pili karatasi zikaletwa pale sebuleni. Mwanangu akatia saini, mwana akatia yake, mkataba wa miaka miwili. Wajukuu zangu skuli wanaendelea.

Mwana alipokwisha kufunga kalamu akaniuliza, khala, wewe ulifanya nini? Nikamwambia mie sikufanya kitu, mama yako aliwahi kuoshwa siku mbili na mwosha maiti, na hakutaka tena. Akanitazama bila ya kuelewa. Nikaona kweli hajui. Alijua mama yake alicheza sinema kama mtu anavyojua babu yake alikuwa na punda. Filamu hata moja hajapata kuiona. Aliniuliza, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa ya mhandisi, ile filamu ya mwisho ilikuwa inahusu nini.

Nikamwambia akae. Nikaanza na msichana anayekohoa kwenye kitambaa siku wanayompima gauni la harusi. Sijafika mbali, mlango wa chumbani ulikuwa wazi, sauti ikatoka kule ndani ikasema gauni halikupimwa siku ile, lilikuwa limeshashonwa, na Hajja kama hajui asipotoshe watu.

Mwana akainua kiti chake akakipeleka mlangoni kwa mama yake, akakaa.